Kumchagulia Msomaji Kitabu

Katika kila kijiji yupo mtu mmoja asiyeshiba kusoma. Dalili zake hazifichiki. Akifungiwa chumvi katika kipande cha gazeti, hukisoma kile kipande kwanza, chumvi ikamngoja. Akiingia nyumba ya mgeni, macho yake hutafuta kitabu kabla ya kutafuta kiti. Mtu huyo humjia mwalimu na kumwambia, "Nipe kitabu kizuri." Maneno yenyewe ni machache, walakini kuyajibu ni kazi, nasi twakiri kwamba tumeyajibu vibaya zaidi ya mara moja. Leo twataka kusema habari za vitabu vichache tulivyowaazima wasomaji wa kwetu, sifa zake na upungufu wake, pamoja na kosa tulilolifanya, ili wenzetu wasilirudie.

Yuko fundi cherehani hapa kwetu, ambaye ametupa ruhusa kusimulia habari zake kwa sharti tusitaje jina lake. Alipotujia mara ya kwanza tulimpa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, kikapigwa chapa mwaka 1960. Humo maiti yaonekana penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa, mvuta kiko, hakubali neno asilolipima. Yeye huuliza, hutazama, hunyamaza, kisha huuliza tena. Kiswahili chake ni kitamu kama maji ya dafu, na mafundisho yake ni makubwa ingawa hayatangazwi: kwamba hofu ya watu ni kichaka kizuri cha mtu mwovu kujifichia. Upungufu wake ni kwamba fumbo likisha funguliwa, wengine hawaoni sababu ya kukirudia. Na baadhi ya watu waliomo ni kama vivuli, hutumika kwa haja ya hadithi na kutoweka. Fundi alikimaliza kwa siku mbili, akarudi macho mekundu kwa kukesha.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulijisemea moyoni, "Huyu sasa ameonja, tumpe kilicho bora." Tukampa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Hatukumwuliza neno, maana tuliona si lazima. Sisi ndio walimu. Baada ya wiki mbili alikirudisha, akasema kwa adabu, "Nimefika kati, mwalimu. Nisamehe." Tulipokea kitabu, nasi tukamhukumu kimoyomoyo kwamba ni mpenda mchezo tu.

Tuseme haki ya kitabu hicho kwanza. Kusadikika ni nchi ielayo angani, na ndani yake yupo Karama, anayeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Karama ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa sehemu mbalimbali kuleta mambo mema, nao wote wakalipwa adhabu kwa wema wao. Mwandishi aliyaandika haya katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza, naye mwenyewe alikuwa karani wa serikali. Ajuaye kusoma ataona ujasiri uliofunikwa kwa nguo ya ngano. Mpangilio wa maneno yake ni wa kupigiwa mfano. Lakini hatutaficha kasoro. Mtu akiitwa Majivuno, msomaji amekwisha kumjua kabla hajafungua kinywa, wala hana nafasi ya kushangazwa naye. Tena hotuba ni ndefu, na safari ya mjumbe wa tano yafanana mno na ile ya wa kwanza. Kitabu hiki chataka msomaji aliyetulia, mwenye nafasi moyoni ya kukaa barazani na kusikiliza kesi.

Fundi hakuwa na nafasi hiyo, nasi hatukujua. Tulikuja kuambiwa baadaye, naye mwenyewe ndiye aliyetuambia, jioni moja tulipopeleka suruali ya mtoto kutiwa kiraka. Miaka kumi na moja amekaa na mkewe bila kujaliwa mtoto. Ndugu zake hawakuacha kumshauri amrudishe mwanamke kwao, na kila jioni walikuja na shauri lile lile kwa maneno mapya. Alisoma usiku ili asiyasikie tena masikioni maneno ya jioni. Basi mtu wa namna hiyo tulimpa kitabu cha mashitaka na hukumu! Kesi ya kumtosha alikuwa nayo nyumbani. Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nasi tuliowafundisha watoto methali hiyo kwa chaki tulikuwa hatujaijua.

Tulifikiri siku kadhaa, kisha tukampelekea Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Habari za kitabu hiki zastahili kujulikana na kila mtu aliyesoma shule ya misheni, kwa kuwa Kitereza naye alilelewa na kufundishwa na mapadre. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, akitaka desturi na maneno ya watu wake yasipotee. Hakupata wa kukichapa katika lugha ile. Basi akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980, yeye akiwa mzee sana. Akafa mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano alingoja. Twaonapo wanafunzi wakikata tamaa kwa kungoja majibu ya mtihani mwezi mmoja, huwakumbusha habari hii.

Ni kitabu kikubwa, nacho chaenda polepole kama mtumbwi katika maji matulivu. Mwandishi husimamisha habari ili aeleze jinsi watu wanavyoamkiana, wanavyovua samaki, wanavyotengeneza pombe na dawa. Msomaji mwenye haraka atachoka, twamwonya mapema. Lakini kiini chake ni hiki: Myombekere na mkewe Bugonoka wapendana, nao hawana mtoto. Jamaa za mume wamtukana mwanamke mpaka wazazi wake wanamchukua. Myombekere haoi mwingine akanyamaza, bali afunga safari kwenda kwa wakwe zake, ananyenyekea, alipa faini ya pombe aliyotozwa, akamrudisha mkewe. Hatujui kitabu kingine cha Kiswahili kilichoeleza kwa utulivu hivi mapenzi ya watu wawili waliokwisha oana. Waandishi wengi huyaacha mapenzi mlangoni siku ya arusi. Kitereza huingia nayo ndani, akayatazama yakipika, yakilima, yakiugua.

Hata hivyo tulikuwa na wasiwasi. Hatimaye Myombekere na Bugonoka wapata mganga, wajaliwa mtoto mwanamume, Ntulanalwo, na baadaye binti, Bulihwali. Je, haitakuwa kumtesa mtu kumwonyesha mlango uliofunguliwa kwa mwingine, na wake bado umefungwa? Swali hili si dogo. Mwenye kutoa kitabu hutoa na mwisho wake, wala hawezi kuukata kwa mkasi. Tulipomwona tena tulimwuliza, safari hii tukauliza kweli. Alikuwa akitia uzi katika sindano, akajibu bila kuinua macho: "Mwalimu, mimi sikukisoma kwa ajili ya mwisho. Nilikisoma kwa ajili ya ile safari ya kumfuata mkewe. Mahali hapo nimempasomea mwenzangu mara tatu."

Tungependa kuwaambia wasomaji kwamba ndugu zake wamenyamaza. Hawajanyamaza. Walakini mkewe yupo nyumbani, na usiku taa ikiwaka, sauti ya mtu asomaye husikika njiani. Na mwaka huu fundi alikuja mwenyewe kuiomba Kusadikika. Aliimaliza. Alisema, "Huyu Karama naye alisemwa na wengi." Kitabu kilikuwa kile kile, na msomaji yule yule, kilichokuwa kimekosewa ni wakati.

Kwa mtu apendaye habari za kale tuna shauri jingine, nalo ni kusoma vitabu viwili pamoja. Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa mtu aliyeokolewa katika utumwa, naye aliyasikia mambo hayo kwa waliokuwa wamefungwa minyororo. Sehemu zinazoeleza kukamatwa na safari ya pwani humtoa mtu machozi. Upungufu wake ni kwamba huwasifu mno waokozi Waingereza, hata msomaji adhani kwamba watumwa wenyewe hawakufanya neno ila kungoja. Basi kando yake kisomwe kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, mfanya biashara mkuu wa pembe na watu, aliyesimulia habari zake mwenyewe kabla ya kufa mwaka 1905. Huyu huhesabu pembe, vita na faida, wala usingizi haukumpotea. Mbotela hulia pale Tippu Tip anapohesabu. Anayesoma kimoja amesikia shahidi mmoja. Anayesoma vyote viwili aweza kukaa kama mzee wa baraza na kuamua. Na aliye na nguvu ya cha tatu asome Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, kilichofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Humo kijana Yusuf atolewa na babaye kwa tajiri kwa ajili ya deni, naye apita njia zile zile za misafara. Hapo mtu aona kwamba kuna minyororo isiyo ya chuma.

Kimoja tumekiweka mwisho kwa kuwa kina ubishi. Ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, nacho kiliwahi kukatazwa shuleni. Ni habari za msichana aliyefungiwa kwa ukali na baba mlevi, kisha, alipotoka nyumbani, hakujua kujilinda, akaangamia. Wako wasemao hakifai. Sisi twasema chafaa, ila kianzwe na mzazi. Baba akikisoma kwa moyo mnyofu hatamwuliza mwalimu kwa nini kitabu kina mambo ya aibu. Atajiuliza mwenyewe kama binti yake aweza kumwambia neno lo lote bila kutetemeka.

Basi yatupasa nini sisi tunaoombwa vitabu? Kwanza, tumwulize mtu kitabu gani alikipenda, na mahali gani hasa, kabla ya kunyosha mkono kwenye sanduku. Pili, tusimtahini anapokirudisha. Kuazima si darasa. Tatu, akikirudisha nusu, tukipokee kwa uso mkunjufu, maana huenda atakirudia. Nne, tusimpe mtu kitabu ili tuonekane sisi tumesoma. Hili la nne ndilo lililotushika sisi, nalo lauma kuliandika.

Nanyi wenye vitabu nyumbani, mlivyovifunga kwa kitambaa juu ya kabati visichafuke, tazameni vizuri: mchwa nao ni wasomaji, nao hawaazimi, hula. Kitabu kilichochakaa kwa mikono ya watu kumi kimefanya kazi yake. Ulizeni jirani anayesoma vipande vya gazeti la chumvi, mkampe.