Milia ya Normandy kwenye Mabawa ya Plastiki

Mabawa ya ndege halisi ya kivita ya Spitfire yalizidi mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Ikiundwa modeli iliyopunguzwa mara 72, hayafiki sentimita 16. Juu ya kila bawa fundi hupiga milia mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, na upana wa kila mmoja ni milimita 6 na ushei. Rangi ikivuja nusu milimita tu, jicho litaiona.

Milia hiyo ina kisa. Julai 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Washirika yalipovamia Sisilia, wapiga mizinga wake walitungua ndege zilizobeba askari wa upande wao wenyewe. Ili msiba huo usijirudie katika uvamizi wa Normandy, Ufaransa, iliamriwa ndege zipakwe alama isiyoweza kukosewa. Kwa ndege ya injini moja, kila mlia ulipimwa upana wa inchi 18.

Kwa mwunda modeli, kazi huanzia kwenye beseni. Vipande hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta yanayosaidia kuvitoa kwenye kalibu, na vidole navyo huongeza ya kwao. Visipooshwa kwa maji na sabuni, rangi haitashika. Kisha huja praima, yaani rangi ya msingi, ambayo aina zake hazifanani tabia. Ile yenye tina kali hulainisha uso wa plastiki kidogo na kujishikiza humo. Ile ya maji hukaa juu tu, na juu ya uso usiooshwa vizuri tepu huweza kuibandua kama utando mzima. Ikipulizwa kwa mbali mno hukauka hewani na kutua kama chenga za mchanga. Ikikaribishwa mno huchuruzika na kujaza mistari membamba ya maungio. Kopo la kupulizia hushikwa shibiri moja hivi kutoka kwenye modeli, na mkono hauachi kutembea.

Nyeupe hutangulia, kwa sababu nyeupe juu ya nyeusi hudai tabaka nyingi, na tabaka nyingi huacha kingo nene. Ikishakauka, hufunikwa kwa tepu nyembamba ya karatasi, iliyobandikwa kwanza kiganjani ili kupunguza ukali wa gundi. Fundi rangi wa gereji, anayeziba vioo vya gari kwa magazeti na tepu, angeielewa kazi hii mara moja. Lakini hapa kuna hila ya ziada: kabla ya nyeusi, nyeupe hupulizwa tena kwenye ukingo wa tepu. Kitakachopenya chini yake ni nyeupe juu ya nyeupe, nao upenyo umeshazibwa. Tepu huvutwa polepole, ikikunjwa kurudi nyuma juu yake yenyewe, badala ya kunyanyuliwa wima.

Ukingo hutoka umenyooka kama wembe, na hapo huzuka mjadala. Milia ya Juni 1944 ilipigwa kwa haraka, siku chache kabla ya uvamizi wa tarehe 6, na mara nyingi kwa brashi. Picha za wakati ule zinaonyesha kingo zilizopinda na nyeusi iliyopakwa kwa pupa. Ndiyo maana baadhi ya mafundi, wakishabandua tepu, huchukua brashi nyembamba na kuupotosha ukingo palepale picha inapoonyesha mkono uliteleza.