Kijiji cha Mfungwa na Ndoto ya Mtazamaji

Ni ada ya watazamaji wa senema kutamani kufika mahali walipopaona katika picha tu. Aghalabu tamaa hiyo haina fumbo: pwani hutamaniwa kwa mchanga wake, na mlima kwa theluji yake. Lakini iko tamaa moja inayostahili kupimwa. Tangu mchezo wa televisheni uitwao The Prisoner, yaani Mfungwa, ulipoonyeshwa Uingereza kati ya mwaka 1967 na 1968, watu wengi wameota kukizuru kijiji cha Portmeirion, kaskazini mwa Wales, ambako ulipigwa picha. Katika sehemu zake 17, shujaa hana haja kubwa kuliko kutoka kijijini humo. Watazamaji wake wana haja ya kuingia. Je, wameufahamu mchezo, au wamepumbazwa na rangi za kuta?

Shujaa huyo, aliyechezwa na Patrick McGoohan, ni mtu aliyejiuzulu kazi ya siri ya serikali. Anatiwa usingizi nyumbani kwake London, na anapozinduka yumo katika kijiji asichokijua. Watu wa hapo huitwa kwa nambari, na yeye ni Nambari Sita. Hafungwi pingu wala minyororo. Anazungukwa na bustani, muziki na salamu za adabu. Lakini akikimbia, puto kubwa jeupe humfuata na kumrudisha. Mtunzi wa kawaida angalimtia mtu huyo katika chumba cha giza. Ubora wa mchezo huu ni kwamba gereza lake linapendeza.

Uzuri huo ulikuwapo kabla ya mchezo. Msanifu Clough Williams-Ellis alianza kukijenga kijiji mwaka 1925, akaendelea kwa vipindi hata miaka ya 1970. Nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba mahali pazuri paweza kujengwa pasipo kuharibiwa. Alikusanya mabaki ya majengo yaliyobomolewa kwingine: safu ya nguzo kutoka Bristol, na dari ya karne ya 17 kutoka jumba la Emral. Hali kadhalika alipenda mzaha. Baadhi ya madirisha ni rangi tu iliyopakwa ukutani. Nyumba iitwayo Unicorn ina sura ya kasri, kumbe ni nyumba ndogo isiyo na ghorofa. Na gatini ipo mashua ya mawe. Kwa msanifu, hayo yalikuwa mambo ya kumfurahisha mgeni. Katika hadithi ya mfungwa, dirisha lisilofunguka na chombo kisichong'oa nanga huwa mambo ya kutisha. Kuta ni zile zile. Kilichoondolewa ni haki ya mtu kwenda zake.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango. Neno hilo lafaa hapa kwa maana mbili. Mlango wa Nambari Sita uko Portmeirion, lakini vyumba vyake vya ndani vilijengwa katika studio ya Borehamwood, karibu na London. Msafiri aliyeufungua mlango ule hakukuta makao ya shujaa. Kwa miaka mingi palikuwa na duka la vitu vya kumbukumbu ya mchezo wenyewe. Mwenye kutafuta kijiji cha televisheni hatakipata popote.

Hata hivyo, kuiita ndoto yake upuuzi ni kuhukumu kwa haraka. Mgeni huingia kwa hiari, hutazama, na apendapo huondoka bila ya kuulizwa sababu. Shujaa aliulizwa sababu ya kujiuzulu tangu mwanzo, na jambo hilo dogo la kuondoka ndilo alilolipigania. Basi mgeni anayevaa nambari kifuani na kurudi kwao ameshangilia tu gereza. Lakini yule anayesimama mbele ya mashua ya mawe, akacheka pamoja na msanifu, kisha akakumbuka kwamba kuna mtu aliyeitazama akiwa hana chombo kingine, huyo ameusoma mchezo sawasawa, na safari yake haikupotea.