Uzito Uko Upande Gani

Kisaka, kama kwingineko Tarime na Serengeti, ng'ombe hulala zizini, na samadi yao hutoa gesi isiyoonekana: naitrasi oksaidi, inayoipasha dunia joto kuliko kabonidayoksaidi ya uzito uleule. Watafiti waliopima maboma 46 nchini Kenya walichapisha mwaka 2020 kwamba hata boma lililohamwa miaka 40 iliyopita bado huitoa karibu mara kumi ya mbuga jirani. Kiasi kinajulikana basi. Kujua imetengenezwaje huko chini ni kazi ya fundi wa spektrometa ya masi, na ndiye ninayemsifu.

Molekuli ya gesi hiyo ni naitrojeni mbili na oksijeni moja kwa mstari, oksijeni ikiwa mwishoni. Katika naitrojeni 1,000 za hewani, kama 4 zina uzito 15 badala ya 14. Nzito hiyo yaweza kukaa katikati au pembeni. Hizo ni isoma mbili, na ioni za zote mbili husoma 45. Mizani ya mnadani nayo hutaja kilo za fahali bila kusema nyama imejaa pajani au tumboni, mpaka achinjwe.

Fundi naye huchinja. Huzipiga molekuli kwa elektroni ndani ya ombwe, nyingine zivunjike, kisha sumaku ipinde njia ya kipande chenye oksijeni na naitrojeni ya katikati. Nzito ikiwa katikati, kipande husoma 31; ikiwa pembeni, 30. Ila asilimia kama 8 ya vipande huchukua naitrojeni ya pembeni kimakosa, na kila mashine ina kiwango chake. Kwa hiyo huijaribu kwanza kwa gesi ambayo mahali pa nzito panajulikana. Hapo namvulia kofia: anaujua uongo wa chombo chake kwa tarakimu.

Kabonidayoksaidi, ambayo ni pumzi ya ng'ombe walewale, husoma 44, 45 na 46 sawa na naitrasi oksaidi. Isipoondolewa yote mapema, kazi imeharibika.

Mahali pa nzito ndipo panapomtaja aliyeitengeneza gesi. Bakteria wanaooksidisha amonia huiweka nzito zaidi katikati, kwa tofauti ya kama 33 katika 1,000. Wanaovunja naitreti, karibu sifuri. Kuvu, wasumbufu wale, huvunja naitreti lakini alama yao hufanana na ya wale wa amonia. Ndiyo maana fundi mwangalifu haamui kwa 31 peke yake, bali huisoma pia 46, ya oksijeni nzito.