Kasapa: ripoti iliyohesabu siku tatu

Tarehe 25 Septemba 2020 wafungwa wa gereza kuu la Kasapa, Lubumbashi, waliasi. Jengo la wanawake lilichomwa moto, waliokuwa ndani wakajikuta kwenye uwanja mkuu, katikati ya wanaume, na wengi wao wakabakwa tena na tena. Serikali ilirudisha udhibiti tarehe 28. Kutoka Golf, mtaa wa kuta ndefu na walinzi getini, Kasapa ni mwendo mfupi wa gari, ila wenye nyumba za huku ni nadra kuwa na ndugu wa kumpelekea chakula kule. Kwa hiyo ilikuwa rahisi sana jambo lote lipite kwa jina la “fujo za wafungwa”.

Lililozuia hilo ni ripoti ya Human Rights Watch iliyotoka Oktoba mwaka huohuo. Nimeisoma kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake, na naona nguvu yake haiko kwenye ukatili inaousimulia. Iko kwenye muda. Mwandishi wa haraka angeandika “wanawake walibakwa wakati wa uasi” akaendelea na mengine. Ripoti iliutandaza uasi huo siku kwa siku: lini moto uliwashwa, wanawake walilala wapi, nani aliwapa chakula na hifadhi (hakuna), na vyombo vya dola vilirudi lini. Ukisoma hivyo, “uasi” unaacha kuwa tukio. Unakuwa siku tatu ambazo dola ilikuwa nje ya ukuta na wanawake iliowafungia wakiwa ndani.

Hesabu ya siku hizo ina uzito mwingine ambao wasomaji wengi waliupita. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza kinga. Kuanzia tarehe 25 hadi 28 ni saa 72, kasoro au zaidi kidogo. Aliyebakwa usiku wa kwanza alikuwa amepoteza karibu nafasi yote kabla askari hajaingia uwanjani. Kuchelewa huko peke yake ni madhara, hata tukiweka pembeni kosa la mbakaji.

Kupata ratiba kama hiyo gerezani si kazi ndogo. Mfungwa hana saa ukutani. Anayehoji hujifunza kuuliza kwa alama: kabla au baada ya moshi, kabla au baada ya risasi, siku ile chakula kilipokosekana. Hamuulizi mama “walikubaka mara ngapi?” Anamuuliza alikuwa amekaa wapi giza lilipoingia, na nani alikuwa kando yake, kisha anamtafuta huyo wa kando. Nje ya ukuta kuna mashahidi wengine: wakili, muuguzi, na hasa familia, maana katika magereza ya Kongo ndugu ndio wanaolisha wafungwa. Anayebeba sufuria hadi getini anajua siku gani alirudishwa nayo.

Sehemu ngumu zaidi ni kuficha majina. Kasapa ilikuwa na wanawake wachache, makumi tu, ndani ya gereza lililojaa wanaume. Katika kundi dogo hivyo jina si lazima: umri, kosa analotuhumiwa na mtaa anakotoka vinatosha kumtaja mtu kwa kila mlinzi. Ripoti ilisema kwamba miongoni mwa waliobakwa alikuwemo msichana asiyefika utu uzima. Hilo lilipaswa kusemwa, kwa sababu sheria inamtazama mtoto kwa namna yake. Lakini mimi ningeishia hapo bila kuongeza chochote juu yake. Manusura wa Kasapa walibaki mikononi mwa walewale waliokuwa na ufunguo, na anayeandika kutoka ofisini hulisahau hilo upesi.

Wala anayeandika hayuko salama. Mwaka 2009, mjini hapahapa Lubumbashi, Golden Misabiko wa shirika la haki za binadamu la ASADHO Katanga alikamatwa na idara ya usalama, ANR, baada ya shirika lake kutoa ripoti kuhusu mgodi wa urani wa Shinkolobwe. Mahakama ilimhukumu mwaka 1, miezi 8 kati yake ikiahirishwa. Ndiyo maana ripoti za hapa zinaandikwa kwa sentensi kavu, kila dai likiwa na mguu wake. Baadhi ya wenzangu huulaumu ukavu huo. Mimi nauona kama kofia ya mgodini.

Pale ninapoona ripoti za namna hii zimepiga hatua ni kwenye hesabu. Baada ya wafungwa kujaribu kutoroka gereza la Makala, Kinshasa, tarehe 2 Septemba 2024, serikali ilitangaza vifo 129. Hati ya Umoja wa Mataifa iliyofika kwa vyombo vya habari ilisema wanawake 268 kati ya 348 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Hiyo “kati ya” ndiyo kazi yenyewe. Kila gereza lina daftari la wafungwa. Ukiwa na jumla yake, hakuna waziri atakayesema ni visa vichache.

Kwenye sheria ndipo kisu kimekosa makali. Sheria ya Kongo ya Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inataka uchunguzi wa awali umalizike ndani ya mwezi 1 na hukumu itoke ndani ya miezi 3. Inaongeza adhabu pia kwa mlinzi anayembaka aliye kifungoni mwake. Lakini Kasapa waliotajwa kubaka ni wafungwa. Walinzi walikuwa wameondoka. Mwaka mmoja baadaye, Human Rights Watch ilirudi na kueleza kwamba uchunguzi haukutosha na manusura hawakusaidiwa ipasavyo. Parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ina njia ya kumfikia mfungwa aliyebaka. Kumfikia ofisa aliyeacha geti kwa siku tatu kunahitaji shitaka la aina nyingine, na ushahidi wake, siku kwa siku, tayari umeandikwa ndani ya ripoti.