Rahisi Isiyovunja Upishi

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Aliyewahi kununua mchele wa bei ya kutupa anaujua ukweli huo tangu anapofunua sufuria na kukuta wali umegeuka uji. Lakini huko Kansas, Marekani, Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mchuuzi mmoja wa vifaa vya gesi aliweka rehani mustakabali wa familia yake akiamini kwamba methali hiyo haiwezi kuwa kweli kila siku. Bidhaa aliyoinunua haikuwa mchele. Ilikuwa baruti.

Jina lake Bruce Hodgdon. Alikuwa amepata habari kwamba baada ya vita ya kwanza serikali iliteketeza tani kwa tani za baruti ya jeshi kwa kukosa mnunuzi, naye akakisia kwamba jambo hilo litajirudia. Akakopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha, akanunua ratili 50,000 za baruti iliyojulikana kwa namba tu: 4895. Ghala hakuwa nalo. Alitafuta behewa kuukuu la treni, akalisimamisha katika malisho ya shamba la kukodi, na hilo likawa stoo. Kisha akaweka tangazo la inchi moja katika jarida la American Rifleman. Pipa la ratili 150 liliuzwa dola 30, nauli juu ya mnunuzi. Mkewe, Amy, alishika daftari la hesabu. Wanawe wawili walipitisha mizigo stesheni kwa gari la nyumbani wakiwa njiani kwenda shule.

Dola 30 kwa ratili 150 ni senti 20 kwa ratili. Ratili moja ina greni 7,000, kipimo kidogo ambacho wajazaji wa risasi bado wanakitumia hata pale ambapo gramu zimetawala kila kitu kingine. Bunduki inayokula greni 45 kwa mlio mmoja ingepata milio 155 kutoka ratili moja, na pipa zima lingevuka milio 23,000. Kwa mlenga shabaha wa mshahara mdogo, hesabu hiyo ilitosha kumkosesha usingizi.

Ila swali la mpishi lilibaki palepale: je, itapika?

Baruti hii si ile nyeusi ya gobore. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa, Paul Vieille, aliichukua pamba iliyotibiwa kwa asidi, akailainisha kwa kiyeyusho mpaka ikawa kama ute, akaikausha na kuikata vipande vidogo. Ikawaka kwa nguvu kubwa kuliko baruti nyeusi na karibu bila moshi. Msomaji wa pwani anaweza kuipima tofauti hiyo kwa kuikumbuka vita ya Tanga, Novemba 1914. Askari wengi wa upande wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za muundo wa mwaka 1871, za baruti nyeusi. Kila walipofyatua, wingu jeupe lilipanda pale walipojificha, likamwonyesha adui pa kulenga.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti tumboni, na kichwa mdomoni. Bunduki ikilia, vitatu vinakwisha kazi. Ganda ndilo linalobaki, na ndilo lililo ghali kutengeneza. Mjazaji huliokota, hulisafisha, hulirudisha umbo lake kwa mashine ndogo ya mkono, huweka fataki mpya, hupima baruti na kukandamiza kichwa. Ganda jema hurudia safari hiyo mara nyingi. Ukimtazama mtu huyu mezani, taa imeinamishwa juu ya mizani na kijiko kidogo kikitikiswa mpaka vipunje viwili vya mwisho vidondoke, utadhani ni sonara.

Anachokitafuta si nguvu. Risasi yenye shabaha ni ile inayofanana na mwenzake. Kichwa kikitoka mtutuni kwa kasi ileile, kikisukumwa na mgandamizo uleule, kitakwenda palepale kilipokwenda cha kwanza, na matundu matano kwenye karatasi iliyo yadi 100 mbele yataweza kufunikwa kwa sarafu moja. Hapo ndipo suala la bei linapogeuka. Baruti ya bei kubwa isiyopatana na mtutu hutawanya matundu hayo kama kuku waliomwagiwa mtama. Baruti ya bei ndogo inayowaka vilevile kila mara huyakusanya.

Kwa hiyo fundi hasomi bei ya kopo peke yake. Anaigawa kwa mlio. Tuseme kopo la ratili moja linauzwa dola 40 na bunduki yake inakula greni 42: kila mlio unamgharimu senti 24 za baruti. Kopo la dola 32, kwa kiasi hichohicho, linashusha gharama hadi senti 19 na kitu. Baruti inayowaka haraka zaidi huenda ikatosha kwa greni chache, hivyo kopo likadumu, ingawa kichwa hakitafikia kasi ya juu kabisa. Akinunua chombo cha ratili nane, bei ya kila ratili hushuka, na ile ada ya kusafirisha mzigo wa hatari, ambayo Marekani hutozwa bila huruma, hugawanyika. Isitoshe, kichwa cha mashindano mara nyingi kina bei kubwa kuliko baruti inayokisukuma. Anayebana senti tano kwenye baruti kisha akapoteza vichwa 50 vya thamani kutafuta shabaha isiyopatikana ameula wa chuya.

Umbo nalo lina neno lake. Baruti nyingi za bunduki ni vijiti vifupi, kama tambi zilizokatwakatwa. Vijiti virefu hukwama katika kipimio na kukatwa kwa mlio wa kukereketa, kisha uzito hutofautiana kidogo. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Western Cartridge ya Illinois, kwa kazi ya mkemia Fred Olsen, ilikuja na vipunje vya mviringo, na njia yake ilikuwa na baraka ya ajabu: baruti kuukuu iliweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya. Vipunje hivyo humiminika kama ulezi na kutengenezwa kwa gharama ndogo. Vingine, hata hivyo, huwa vigumu kuwasha na huacha masizi.

Kisha kuna jua. Mgandamizo wa baruti nyingi hupanda joto likipanda. Mafundi wa bunduki wa London waliowatengenezea wawindaji wa Afrika na India walilijua hilo vizuri. Rigby, walipotoa bunduki yao ya .416 mwaka 1911, walilipa ganda lake tumbo kubwa kupita kiasi, ili baruti ya enzi hiyo ipate nafasi ya kupumua hata chini ya jua kali.

Mapipa ya Hodgdon yaliwafundisha Wamarekani wengi ufundi huu kwa vitendo. 4895 ilikuwa imepikwa kwa ajili ya bunduki za jeshi za .30-06, hivyo ilieleweka haraka. Ile iliyofuata, 4831, ilitokana na makombora ya mizinga ya milimita 20. Iliwaka polepole mno kiasi cha kuonekana haina kazi katika bunduki ya mtu wa kawaida. Wajazaji waliijaribu kidogo kidogo, wakagundua kwamba inaoana vizuri ajabu na maganda makubwa yenye shingo nyembamba. Mwandishi wa uwindaji Jack O'Connor akaisifia kwa bunduki yake ya .270 mpaka majina hayo mawili yakawa kama chai na tangawizi. Masalia ya mzinga yakawa kipenzi cha wawindaji wa milimani.

Neno la siri hapo ni kidogo kidogo. Creighton Audette, mlenga shabaha wa Marekani, aliacha njia inayoitwa ngazi. Mjazaji hufungua kitabu cha mtengenezaji, huanza na kiasi cha chini kilichoandikwa humo, na kila risasi huiongezea chembe tu, bila kuvuka mpaka wa juu. Zote hupigwa shabaha moja, kwa mbali. Matundu hupanda karatasini kama vidato, kisha ghafla matatu au manne husimama kimo kimoja. Hapo mtutu umesamehe tofauti ndogo za mizani, na hapo ndipo fundi hujenga nyumba yake.

Ubahili wa aina hii una miiko. Kopo moja tu hukaa mezani, maana baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa ghadhabu. Hazichanganywi hata chembe. Kopo lisilo na lebo halitumiki, hata likiwa limejaa. Baruti inayotoa harufu kali ya asidi na kutimua vumbi jekundu kama kutu imeoza, na bei yake, iwe ndogo vipi, imekuwa kubwa.

Siku hizi namba 4895 bado ipo madukani ikitanguliwa na herufi H, ila inapikwa Mulwala, Australia, na imeundwa isiyumbishwe sana na joto wala baridi. Mjazaji anaponunua kopo jipya hutafuta kwanza namba ya mkupuo wa kiwanda, ile iliyopigwa chapa ndogo pembeni. Ikitofautiana na ya kopo lililokwisha, hata kwa tarakimu moja, hachukui kipimo cha jana. Huandika tarehe kwenye daftari, huirudisha mizani kwenye sifuri, na kuipanda ngazi tena kuanzia kidato cha chini.