Sauti ya Pili Mimbarini

Mhubiri kutoka Marekani akimtaja kaka wa mzazi wake, mkalimani hana budi kuamua papo hapo: mjomba, baba mkubwa au baba mdogo? Kiingereza hakikumwambia. Hakikumwambia pia kama ni “wewe” au “ninyi”, na wokovu wa mtu unaning’inia hapo. Utani wa besiboli (ah, huo!) anaumeza kimyakimya.

Mchana, wengine wakila, yuko kliniki ya misheni. Bibi anaeleza kwa Kisukuma, mjukuu anageuza kwa Kiswahili, mkalimani kwa Kiingereza. “Tumbo” linauma: la chakula au la uzazi? Swali linarudi njia ileile, watu watatu, polepole, daktari akisubiri.

Picha ya pamoja ikipigwa, mara nyingi mkalimani ndiye mshika kamera.