Meli au kondoo: nani anatuchagulia makosa?



Waliofundisha Kiingereza wengi wanakijua kitabu cha Ann Baker, "Ship or Sheep?", kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1977. Njia yake ni nyepesi: maneno mawili yanayopishana kwa sauti moja tu, mwanafunzi asikilize, achague, atamke. Meli au kondoo? Mimi sina ugomvi na njia hiyo. Hata kwetu anayechanganya "mahali" na "mahari" ataulizwa na wakwe. Ugomvi wangu ni huu: nani anachagua jozi zenyewe?

Hapa Uingereza niliwahi kukaa darasa moja na mama wa Kipemba. Wiki nzima anarudishwa "tree" na "three". Jamani! Mtu aliyekua akisema thamani, thelathini na dhahabu, afundishwe sauti hiyo? Anayo kuliko vijana wengi wa London wanaosema "free". Mwalimu kafuata kitabu tu, hakumsikiliza mtu aliye mbele yake.

Kumbe shida yake ipo kwenye irabu. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza wanachokifundisha hapa huhesabiwa kuwa nazo kama 20, pamoja na zile za kuunganika. Kwa hiyo "bad", "bud" na "bard" kwake ni kitu kimoja, na "live" na "leave" vilevile. Sasa nenda kamwambie afisa wa uhamiaji "I leave here" uone!

Na jozi iliyomuumiza hasa haikufundishwa kabisa. Aliambiwa daktari atamwona saa tisa na robo, yeye akasikia saa kumi kasoro dakika kumi. "Fifteen" na "fifty" hazipishani kwa sauti moja tu. Mkazo nao umo. Sisi tunalijua hilo: barabara ya magari siyo barabara ya "sawasawa".

Jennifer Jenkins aliandika mwaka 2000 kwamba wageni wanaelewana bila ya hiyo "th", lakini urefu wa irabu na mkazo wa sentensi visiachwe. Nakubaliana naye. Ila hata orodha yake isigeuzwe msahafu. Mwenzetu wa bara anayechanganya l na r aanze na "rice" na "lice"; Mpemba wala hahitaji.

Mwalimu asikilize kwanza, kitabu kifuate. Nikosoeni.

Wasalaam.